ALIYE JUU MNGOJE CHINI
Marubani wa Mabomu na Visima vya Mpaka wa Kaskazini, 1940–1941

Watu wengi wakitajiwa rubani wa ndege ya mabomu katika Vita Kuu ya Pili, mara huona moyoni mwao miji mikubwa ya Ulaya wakati wa usiku, mianga ikimulika angani na nyumba zikiteketea kwa moto. Ni wachache wakumbukao ya kuwa Kenya nayo ilikuwa na vita vya namna hiyo, na ya kuwa vilianza siku ya pili tu baada ya Italia kutangaza vita, katika nchi kavu iliyo mashariki na kaskazini ya Mto Tana. Huko hapakuwa na miji mikubwa ya kupigwa wala viwanda vya kuteketezwa. Palikuwa na visima. Aliyevishika visima ndiye aliyeishika nchi, na kwa sababu hiyo ramani ya rubani wa mabomu ilikuwa, kwa kweli, ramani ya maji.

VITA VYAFIKA MPAKANI

Tarehe 10 Juni 1940 Italia ilitangaza vita juu ya Uingereza na Ufaransa. Wakati ule Wataliani walikuwa wakitawala Eritrea, na sehemu kubwa ya Somalia, na Uhabeshi walioushinda mwaka 1936. Mpaka wao na Kenya ulianza karibu na Ziwa Rudolf, ambalo siku hizi huitwa Turkana, ukapita Moyale na Mandera, kisha ukateremka mpaka Bahari ya Hindi. Ulikuwa mpaka wa mamia ya maili, nao ulilindwa na askari wachache wa K.A.R. waliowekwa katika vituo vilivyokuwa mbalimbali sana.

Asubuhi ya tarehe 11 Juni ndege za Kikosi cha 12 cha Jeshi la Ndege la Afrika ya Kusini ziliondoka Nairobi, zikaruka maili zipatazo 360, zikatupa mabomu juu ya kambi ya askari wa Wataliani karibu na Moyale. Jibu halikukawia. Tarehe 13 Juni, alfajiri, ndege za Wataliani zilifika Wajir, zikapiga ngome na uwanja wa ndege. Mapipa ya petroli yalishika moto, na askari wa K.A.R. waliokuwa hapo wengine walikufa na wengine wakajeruhiwa. Hivyo watu wa Wajir, ambao wengi wao walikuwa wakiijua ndege kama kitu cha kupita tu mbali juu ya vichwa vyao, walijifunza kwa siku moja maana ya kutazama juu kwa hofu.

Mwezi uliofuata Moyale ilizungukwa. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai askari wa K.A.R. waliokuwa ndani ya ngome walitoka kimya kimya, wakapenya katikati ya adui. Wataliani wakasonga mbele hadi Buna. Upande wa mashariki ulinzi wa Kenya ukawekwa penye Mto Tana, Garissa na Bura. Mto ule mwekundu kwa udongo, ambao wafugaji huuendea wakati wa kiangazi ili kunywesha mifugo yao, ukawa mstari wa vita.

NDEGE ZA ABIRIA ZAGEUZWA ZA VITA

Ndege zile zilizopiga Moyale zilikuwa na historia ya ajabu kidogo. Zilikuwa za namna ya Junkers 86, zilizotengenezwa na Wajeremani wenyewe. Shirika la Ndege la Afrika ya Kusini lilizinunua kabla ya vita kwa ajili ya kuchukua abiria kumi na mizigo yao. Vita vilipoanza mwaka 1939 viti viling'olewa, vyuma vya kubebea mabomu na bunduki vikatiwa, na ndege ya abiria ikawa ndege ya vita. Baadhi ya marubani nao walikuwa wale wale waliokuwa wakiwapeleka wafanya biashara toka Johannesburg mpaka Cape Town. Jana walihesabu tikiti. Leo walihesabu mabomu.

Tarehe 2 Desemba 1939 ndege za namna hiyo zilikuwa zimekwisha onyesha kazi yao baharini, zilipoiona meli ya Wajeremani iitwayo Watussi kusini ya Rasi ya Tumaini Jema. Meli hiyo ilikuwa ya kampuni iliyojulikana sana katika bandari za pwani ya Afrika ya Mashariki. Mabaharia wake walipoona wamekwisha gunduliwa na ndege iliyotengenezwa kwao wenyewe, waliizamisha meli yao kuliko kuitoa.

Baadaye Kikosi cha 11 kilipata ndege za Kiingereza ziitwazo Battle. Hizi zilichukua watu watatu: rubani, mwelekezaji wa njia na mpiga bunduki. Katika vita vya Ufaransa, mwezi wa Mei 1940, ndege hizi ziliangushwa nyingi sana na ndege za Wajeremani zilizokuwa na mbio zaidi. Lakini katika Afrika, mahali ambapo ndege za adui zilikuwa chache na viwanja vyake vilikuwa mbali, zilipata kazi ya kufaa. Kituo kimoja cha Kikosi cha 11 kilikuwa Archer's Post, ukingoni mwa Uaso Nyiro.

GARISSA, NUSU YA NJIA

Mtu akitaka kujua kwa nini Garissa ilikuwa na thamani kubwa katika vita vile, na atazame ramani. Kwa njia ya anga, toka Nairobi mpaka Garissa ni maili 200 hivi. Na toka Garissa mpaka Kismayu, bandari kubwa ya Wataliani iliyokuwa karibu na Kenya, ni maili 200 nyingine. Kwa hiyo ndege iliyotoka Nairobi kwenda Kismayu na kurudi ilibidi ichukue petroli ya maili 800, na kila galoni ya petroli ni uzito unaopunguza mabomu. Lakini ndege iliyotia petroli Garissa ilikuwa na nusu tu ya safari hiyo mbele yake. Uwanja wa ndege katikati ya njia ni kama kisima katikati ya safari ya ngamia: bila hicho msafara haufiki.

Basi viwanja vilitengenezwa katika nchi yote ya mpaka, Garissa, Wajir, Habaswein na kwingineko. Uwanja mmoja uliotumiwa katika vita hivyo uliitwa na askari “Ndege's Nest”, yaani kiota cha ndege, jina la lugha mbili kama walivyokuwa watu waliokitumia. Kutengeneza kiwanja hakukuwa kazi ya marubani. Watu wa shoka na majembe walikata vichaka vya miiba, waking'oa visiki na kusawazisha vichuguu, ili magurudumu yasije yakavunjika. Madereva wa malori walipeleka mapipa ya petroli kwa njia zilizokuwa mchanga wakati wa jua na tope wakati wa mvua. Wakati wa mvua udongo mweusi huwa kama gundi, na lori lililokwama leo laweza kukwama wiki nzima. Rubani hakuweza kuondoka mpaka watu hawa wamemaliza kazi yao. Sifa ya vita huandikwa mara nyingi kwa jina la yule aliyeruka, lakini mabawa yake yalianzia katika mikono ya aliyeshika jembe.

Joto nalo lilikuwa adui asiye na bendera. Garissa iko chini, futi mia chache tu juu ya bahari, na mchana jua lake ni kali mno. Hewa ya moto ni nyepesi, na hewa nyepesi haiyategemezi vema mabawa, wala haiupi mtambo nguvu yake yote. Ndege yenye mzigo mzito ikijaribu kuruka saa nane ya mchana huweza kuumaliza uwanja wote kabla ya kuinuka. Ndiyo sababu marubani walipenda kuondoka alfajiri, hewa ikiwa bado ni baridi na nzito. Tena kulikuwa na vumbi, ambalo huingia ndani ya mitambo na kuisaga kama tupa isagavyo chuma. Jina lenyewe la Habaswein, kwa Kisomali, maana yake ni vumbi jingi. Wenyeji walikwisha toa onyo lao kabla ndege ya kwanza haijatua.

MACHO YA ALIYE JUU

Kazi ya rubani hewani haikuwa kutupa mabomu tu. Kwanza ilimpasa kujua yuko wapi. Nchi iliyo baina ya Tana na Juba ni tambarare, nayo imefunikwa na vichaka vinavyofanana mwaka hata mwaka. Hakuna mlima wa kutazamia, hakuna reli, na ramani za siku zile zilikuwa na nafasi nyingi nyeupe. Alama za kutegemewa zilikuwa mto wa Tana nyuma, mto wa Juba mbele, pwani upande wa kulia, na katikati njia nyembamba za ngamia ambazo zote, toka pande zote, hukutana mahali pamoja. Mahali hapo ni kisima. Rubani aliyejifunza kufuata njia za ngamia alikuwa akijifunza, bila kwenda shuleni kwao, elimu ambayo wafugaji wa Kisomali waliirithi kwa mababu zao.

Lakini hapo ndipo palipokuwa na jambo zito. Visima havikuwa vya majeshi. El Wak, ambayo jina lake maana yake ni visima vya Mungu, ilikuwa ikinywesha ngamia tangu zamani, kabla ya serikali yo yote ya Ulaya kupiga mstari wa mpaka. Afmadu ilijulikana kwa visima vyake katika nchi yote ile. Majeshi yalipotaka kukaa, yalikaa penye maji, na mabomu yakafuata majeshi. Toka juu, futi elfu kadhaa, ngamia aliyebeba risasi na ngamia aliyebeba mikeka ya nyumba ya mfugaji hawana tofauti. Wote ni nukta na kivuli chake. Rubani alikuwa na nafasi ya kupumua mara chache tu kabla ya kuamua. Aliyekuwa chini hakuwa na nafasi ya kujieleza.

Wala hao waliokuwa wakipigwa katika kambi hawakuwa Wataliani wote. Wengi walikuwa askari wa Kisomali, wa Eritrea na wa Uhabeshi, walioandikwa katika jeshi la Italia, kama vile upande huu walivyoandikwa watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa. Msomali aliyelinda kisima upande mmoja wa mpaka huenda alikuwa na jamaa upande wa pili. Mambo haya hayaonekani katika picha zipigwazo toka hewani.

KAPTENI PRELLER ARUDI KWA MIGUU

Hakuna habari ioneshayo vizuri zaidi jinsi aliye juu awezavyo kuwa mikononi mwa nchi iliyo chini kuliko ile ya Kapteni Jan Preller wa Kikosi cha 11. Mwezi wa Septemba 1940 alikwenda na ndege yake ya Battle, pamoja na wenzake wawili, kupeleleza katika Somalia ya Wataliani. Risasi zilizopigwa toka chini ziliipata ndege, na mtambo ukashindwa.

Inafaa kujua hapa ya kuwa mtambo wa Battle ulipozwa kwa maji yaliyochanganywa na dawa, yakizunguka ndani yake daima. Tundu moja la risasi penye mahali pa kupozea lilitosha: maji humwagika, chuma huwa moto, na baada ya dakika chache mtambo husimama. Ndege nayo, katika nchi ile, ilikuwa ikifa kwa kiu.

Preller aliitua ndege porini, nyuma ya mstari wa adui. Mbele yao ilikuwa nchi kavu, nao hawakuwa na njia ila miguu yao. Safari ambayo angani ilikuwa ya saa moja na kidogo iligeuka kuwa safari ya siku nyingi. Kila mtu aliyepata kuvuka nchi ile kwa miguu wakati wa kiangazi ajua maana yake: kutembea usiku na alfajiri, kulala mchana chini ya kichaka kisicho na kivuli cha kutosha, ulimi ukiwa mzito kinywani, na macho yakitafuta njia ya ngamia iendayo penye maji. Wafugaji wenyewe, waliozaliwa huko, hawasafiri bila kujua kisima kilichopita na kisima kijacho. Wageni hawa watatu hawakuwa na elimu hiyo ila ile waliyoipata kwa kutazama toka juu.

Preller aliokoka, akarudi kwa jeshi lake, akapewa nishani ya D.F.C., ambayo ni nishani ya ushujaa wa hewani. Nayo ilikuwa ya kwanza kupewa mtu wa Jeshi la Ndege la Afrika ya Kusini katika vita vile. Jambo la kufikiri ni hili: alisifiwa kwa ushujaa wa hewani, na katika ushujaa huo zilikuwamo pia siku za kutembea.

TOKA EL WAK MPAKA ADDIS ABABA

Mwezi wa Novemba 1940 Jemadari Alan Cunningham alishika amri ya majeshi katika Kenya. Tarehe 16 Desemba 1940 majeshi ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na ya Afrika ya Kusini yalishambulia El Wak, na ndege zikapiga mapema asubuhi kabla ya askari wa nchi kavu kuingia. Wataliani wakashindwa upesi, na majeshi yakarudi kama yalivyokusudia. Ushindi wenyewe ulikuwa mdogo kwa kipimo cha vita vya dunia, lakini uliwatia Wataliani hofu, wakaanza kurudisha nguvu zao nyuma ya Mto Juba.

Cunningham alikuwa amefikiri kwanza kuingoja masika ya 1941 ipite ndipo aende Kismayu, kwa kuwa maji hayakutosha kwa jeshi kubwa. Lakini wahandisi wa Afrika ya Kusini walichimba visima virefu kwa mitambo, barabara zikatengenezwa, na baada ya El Wak iliamuliwa kutongoja tena. Kabla ya jeshi kuanza kwenda palikuwa pamechimbwa ardhi ili kutafuta maji. Hata hapa bomu lilifuata ndoo.

Mapema katika Februari 1941 ndege ziliipiga Afmadu kwa nguvu sana. Askari waliokuwa wakiilinda wakakimbilia porini, na tarehe 11 Februari askari wa Brigedi ya 22 ya Afrika ya Mashariki walioshuka toka upande wa Garissa wakaingia bila vita. Tarehe 14 Kismayu ikatekwa. Mto Juba ukavukwa, na tarehe 25 Februari askari wa Nigeria wakaingia Mogadishu. Huko waliikuta akiba ambayo Wataliani hawakuwahi kuiteketeza: galoni 350,000 za petroli ya magari na galoni 80,000 za petroli ya ndege. Mtu aliyepata kusukuma pipa moja juu ya mchanga wa njia ya Garissa ndiye awezaye kujua thamani ya hesabu hiyo.

Tangu hapo vita viliondoka katika nchi ya visima, vikapanda milimani. Addis Ababa iliingiwa tarehe 6 Aprili 1941, na tarehe 5 Mei Mfalme Haile Selassie akarudi katika mji wake. Kikosi cha 12 kilikwenda kaskazini, katika jangwa la Misri, kikapewa ndege mpya za Maryland; zile Junkers za zamani zikaachiwa wengine.

WALIOBAKI CHINI

Marubani walikuja, wakapigana, wakaenda zao. Viwanja vingine vilirudiwa na miiba. Vingine vilidumu: Garissa na Wajir zina viwanja vya ndege hata leo. Nchi yenyewe imebadilika majina mara kadhaa. Iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini wakati wa vita ilitoa sehemu yake ya mashariki kuwa Mkoa wa Kaskazini-Mashariki, na tangu mwaka 2013 kuna kaunti tatu, Garissa, Wajir na Mandera. Lakini kiangazi hakikubadilisha jina lake, wala ngamia hawakusahau njia zao.

Mithali ya Kiswahili husema, “Aliye juu mngoje chini.” Mara nyingi watu huitumia kwa kumcheka mwenye kiburi. Katika vita vya mpaka wa kaskazini ilikuwa na maana mbili nyingine. Ya kwanza ni ya hofu: chini walingoja watu na mifugo yao penye visima, wasiojua kama sauti ile angani ni ya rafiki au ya adui. Ya pili ni ya msaada: chini walingoja mwenye shoka, na dereva wa lori, na mchimba kisima, ambao bila wao hakuna ndege iliyoruka wala iliyorudi. Ujuzi wa rubani wastahili heshima yake, na ushujaa wake pia. Heshima hiyo haipungui kwa kukumbuka ya kuwa kila aliyeruka juu ya nchi ile aliondoka katika uwanja uliolimwa na wengine, akaongozwa na njia zilizokanyagwa na wengine, na kwamba maji aliyoyahitaji siku ya kuanguka kwake yalikuwa yamechimbwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa penye nishani yo yote.